Chumba cha Mahindi

Kikundi chetu cha wakulima kilinichagua mimi niende kusema, kwa sababu mimi ndiye katibu, na kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti, sina haya mbele ya watu. Hilo la pili halikuwa kweli. Siku ile niliyarudia maneno yangu mara nne kabla hata sijavaa viatu.

Bodi inayosimamia dawa za kilimo ilikuwa inakuja Kitale kutoka Nairobi kusikiliza maoni kuhusu vidonge vya kuhifadhia mahindi. Huku kwetu kila mtu anavijua. Ni vya kijivu, ukubwa wa kifungo cha koti. Unaviweka katikati ya magunia, unafunika kwa nailoni, na vyenyewe vinatoa hewa inayoua fukusi hata yule aliyejificha ndani ya punje. Kwa miaka mingi ndivyo vilivyofanya tuvune na bado tuwe na kitu cha kusaga wakati shamba jipya lingali kijani. Sasa redioni tulisikia kwamba vinachunguzwa upya: huenda vikaachwa kama vilivyo, huenda vikawekewa masharti, huenda vikaondolewa madukani kabisa. Kikundi kilikaa, kikakasirika, kikanituma. Ujumbe wangu ulikuwa mfupi: msituondolee.

Kabla ya kutoka nyumbani nilimpigia mama simu. Mama anaishi Bokoli, katika nyumba ile ile tuliyolelewa, na binti yangu, aliyekuwa darasa la pili wakati huo, alikuwa kwake kwa likizo ya Agosti.

"Mtoto ameamkaje?" nikauliza.

"Ameamka na kichwa. Chai amekataa. Mimi naona ni malaria inataka kuanza."

"Umempa dawa?"

"Nimempa ya maumivu. Si juzi alinyeshewa tukianua mahindi? Hii mvua haituachi, bana. Jana nikasema basi, nikayaingiza yote ndani, nikayawekea vidonge. Nimechoka kuanika na kuanua."

"Na wewe uko sawa?"

"Mimi ni uzee tu. Kifua kimekaza kidogo. Enda kwa mkutano wako."

Nilimwambia ikifika saa sita na mtoto hajachangamka ampeleke zahanati, nikakata simu, nikaenda. Hakuna neno lake hata moja lililonishtua. Malaria tunaijua sote, tumekua nayo kama tulivyokua na mvua ya Agosti.

Kikao kilikuwa katika ukumbi wa kanisa mjini Kitale. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Kulikuwa na wakulima wa mashamba makubwa waliokuja na magari yao, na sisi wa ekari mbili tatu, na wenye vinu vya kusaga, na wenye maduka. Karibu yangu aliketi mzee mmoja Singasinga, kilemba cha bluu, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Alikuwa na duka la mbegu na dawa za kilimo Bungoma mjini, duka ambalo babu yake alilifungua.

"Mulembe, mayi," akanisalimia kwa Kibukusu. Nilipomjibu akafurahi, akasogeza kiti chake karibu. "Umekuja kutetea ama kushtaki?"

"Kutetea."

"Basi tuko pamoja. Wakiondoa vidonge dukani, watu watauziwa uchochoroni. Mimi nimesema hivyo tangu mwanzo."

Mbele walikaa maofisa wa bodi, na aliyezungumza zaidi alikuwa mama wa makamo aliyevaa sweta nyeusi, mkemia, ambaye wenzake walimwita Daktari. Alikuwa na mafua. Kila baada ya sentensi chache alisimama akanywa maji.

"Hatujaja na uamuzi mfukoni," alisema. "Kibandiko cha mkebe wa vidonge tunakijua, tulikipitisha sisi wenyewe. Tumekuja kujua nyinyi mnavitumiaje kweli. Mnaviweka wapi, nani yuko karibu, mnalala wapi."

Kisha akaanza kutueleza hewa yenyewe. Haionekani, alisema. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, basi inatambaa chini na kupita popote penye ufa. Vidonge vikikutana na unyevu vinaitoa haraka zaidi. Ina harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usiitegemee harufu, wengine hawaisikii kabisa. Anayeivuta anaumwa kichwa. Anachukia chakula. Anachoka, anakohoa, kifua kinabana.

"Na huku kwenu," akamaliza, "wengi wakiona hivyo wanasema ni malaria."

Watu wachache walicheka kidogo, kama mtu anavyocheka akitajiwa tabia yake. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi yenye maneno ya kikundi. Nikaiweka pajani. Nilijiambia kwamba mama ameishi na vidonge miaka mingi. Nilijiambia mtoto alinyeshewa juzi. Mzee wa kilemba akanigusa kiwiko, akaniambia wanaita kikundi chetu.

Nilisimama, nikapewa kipaza sauti. Mwenyekiti wetu alikuwa ameketi safu ya nyuma, akaniinulia kidole gumba.

"Daktari, nimetumwa kusema jambo," nikaanza, "lakini kwanza nataka kuuliza. Kama mahindi hayako chumba cha kulala, yako chumba cha pili, hapo ni mbali ya kutosha?"

"Kuna ukuta katikati?"

"Upo."

"Umefika juu mpaka kwenye mabati?"

Nikauona ule ukuta. Baba aliujenga kwa matofali mabichi akaishiwa kabla haujafika juu, na tulipokuwa watoto tulikuwa tukirushiana mapera kupitia pale palipobaki wazi.

"Haujafika."

"Mahindi yalikuwa yamekauka sawasawa?"

"Yamenyeshewa."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Kuna mtu alilala hapo jana?"

"Mama yangu," nikasema. "Na mtoto wangu. Mtoto ameamka na kichwa, amekataa chai."

Sikumbuki nilivyotoka kwenye kile kipaza sauti. Nakumbuka Daktari amezunguka meza na kunishika mkono juu ya kiwiko, ameushika kwa nguvu. "Piga simu sasa hivi. Watoke nje. Waache milango wazi, na mtu asirudi ndani kuchukua kitu chochote."

Simu ya mama ilikuwa mteja, haipatikani. Nikapiga tena, mteja. Yeye huizima kuhifadhi chaji, nilijua hivyo, lakini kila nilipomsikia yule mwanamke wa kwenye mashine akiniambia nijaribu tena baadaye nilihisi kama anajua kitu na ananificha. Nikampigia jirani yetu, mke wa mwenye kinu cha kusaga. Aliipokea, nyuma yake kinu kikinguruma, ikabidi nipige kelele hadi watu wote ukumbini wakasikia.

"Kimbia kwa mama! Mtoe nje na mtoto! Ni ile dawa ya mahindi!"

"Ati dawa gani?"

"Ya mahindi! Watoe nje!"

"Wacha niende," akasema, na simu ikakatika.

Gari la bodi lilikuwa limeenda Endebess kuwachukua wakulima wengine. Daktari aliuliza ni nani ana gari, na kabla swali halijaisha mzee wa kilemba alikuwa amesimama na funguo mkononi. "Pikapu yangu iko nje. Twende."

"Nami nakwenda," Daktari akawaambia wenzake. "Endeleeni na kikao."

Hivyo ndivyo tulivyoondoka Kitale, muuzaji, mchunguzi na mimi. Mzee aliendesha kwa uangalifu, mikono miwili kwenye usukani, akipunguza mwendo kila penye tuta. Nilitaka kumpokonya ule usukani. Nilikaza miguu sakafuni kana kwamba ningeweza kuisukuma gari kutoka ndani. Tulipopita Kiminini mvua ilianza, matone makubwa, na mimi nikawaza unyevu, nikawaza lile bati la kona ambalo huvuja, na magunia chini yake.

"Vilikuwa vidonge vingapi?" Daktari aliuliza kutoka kiti cha nyuma.

"Sijui."

"Vilitoka kwenye mkebe uliofungwa, au vilinunuliwa kimoja kimoja?"

"Sijui, Daktari. Aliniambia tu ameweka."

Mzee alinitupia jicho. "Kama ni mkebe, mkebe ni wa rangi gani?"

"Sijui hata kama kulikuwa na mkebe."

Mzee aliongeza mwendo kidogo, kisha akaongeza tena.

Tulikuwa tumeshapita Kamukuywa simu ilipolia. Nikaiweka sauti ya juu ili wote tusikie. Jirani alikuwa akihema; kutoka kinuni hadi kwa mama ni mwendo mrefu kwa miguu.

"Nimefika. Mama yako ako mlangoni, ameegemea tu, anasema ni kizunguzungu. Mtoto ako kwa kitanda. Nimemwita, anafungua macho, anafunga. Na huku ndani kunanuka, ati kama vitunguu saumu. Hata paka amekufa, ako hapa chini ya kitanda."

"Mtoe! Mtoe nje!"

"Namtoa. Lakini hii harufu ni mbaya, wacha nichukue ndoo nimwage maji huko kwa magunia itulie kidogo..."

Daktari alinyoosha mkono akaninyang'anya simu.

"Usimwage maji! Unanisikia, mama? Maji yataifanya itoke yote mara moja. Usikaribie mahindi. Beba mtoto, toka nje, enda mbali na nyumba. Hallo? Umenisikia?"

Hakukuwa na jibu. Tulipiga tena, haikushika. Tukapiga tena. Daktari akanirudishia simu polepole, akaniwekea mkono begani, na nilijua kutokana na uzito wa ule mkono kwamba naye hajui kama alisikika.

Sijawahi kupita kipande cha barabara kirefu kama kile cha kuelekea Misikhu. Watu walikuwa wamejikinga mvua vibarazani, wanaongea, wanacheka, mwanamke mmoja anachoma mahindi mabichi chini ya mwavuli. Niliwachukia wote. Nikimwona mtu na ndoo niligeuza uso. Mzee alianza kuomba kwa Kipunjabi, kwa sauti ya chini, na mimi nikajaribu kuomba nikakuta maneno yote yamepotea isipokuwa jina la mtoto wangu.

Tuliacha lami tukaingia barabara ya udongo. Mbele yetu, kupitia mvua, zikatokea bodaboda mbili zimefuatana. Ya kwanza ilimbeba jirani, na kati yake na dereva kulikuwa na kitu kimefungwa leso. Mzee akapiga honi, akasimamisha gari katikati ya njia. Mimi nilikuwa nje kabla halijasimama.

"Sikumwaga," ndilo neno la kwanza la jirani. "Sikumwaga maji. Nilisikia."

Nikamchukua binti yangu. Alikuwa mlegevu, kichwa kimelala begani kwangu kama cha mtoto mchanga, na midomo yake haikuwa na rangi ya midomo yake. Aliniita mama kwa sauti ya mtu anayeota, kisha akanitapikia kifuani, na nilifurahi, kwa sababu anayetapika yuko hai. Bodaboda ya pili ikafika na mama yangu, amelowa, amekasirika.

"Nyumba mmeiacha wazi," akasema. "Mahindi yataibiwa."

"Panda gari, mama."

"Ile milango yote iko wazi!"

"Mama, panda gari."

Akapanda. Njia nzima hadi hospitali ya misheni Daktari alikuwa ameshika kifundo cha mkono cha mtoto, akihesabu mapigo, macho yake kwenye saa. Madirisha yote yalikuwa wazi na mvua ilituingilia. Hakuna aliyesema yafungwe.

Hospitalini nesi alikuja tayari na kipimo cha malaria mkononi, na sikumlaumu, kwani hata mimi ningeanza hapo. Daktari wetu akamwita daktari wa wadi kando, akamweleza hewa ile kwa jina lake la kitaalamu. Nilimwona yule kijana anabadilika uso. Mambo yakaanza kwenda haraka: kitanda, oksijeni, sindano ya maji mkononi, nyaya kifuani, mashine ndogo inayolia.

"Mtampa dawa gani?" nikauliza.

"Ya kuiondoa hakuna," daktari wa wadi akaniambia. Hakuzunguka. "Tutamsaidia kupumua, na tutauangalia moyo. Moyo ndio unaosumbuka zaidi. Kesho tutajua vizuri zaidi."

Kwa hiyo tulingoja. Nilijifunza mlio wa ile mashine mpaka nikawa nasikia ikichelewa hata kama haijachelewa. Ikichelewa, moyo wangu nao ulisimama ukiungojea wa mtoto. Mama alilazwa kitanda cha pembeni, mrija puani, na kila alipopata pumzi alizungumza juu ya mahindi. Nilitaka kumkemea. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akimtazama mjukuu wake muda wote huo, na kwamba mahindi ndiyo kitu pekee alichoweza kukitamka.

Mzee wa kilemba hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la nje ya wadi, viatu vimejaa tope, akatuletea chai na mandazi ambayo hayakuliwa. Mama alipopata nafuu kidogo, mzee aliomba ruhusa akaingia, akasimama mbali kidogo na kitanda.

"Mulembe, kukhu. Pole sana," akasema, akimwita bibi kwa Kibukusu. Mama hakuonyesha kushangaa kumsikia Mhindi akiongea lugha yake. "Naomba kukuuliza. Vile vidonge ulinunua wapi?"

"Sokoni. Kwa mama mmoja anauza nyanya na vitunguu."

"Vilikuwa kwenye mkebe?"

"Mkebe wa nini? Alinifungia kwa gazeti."

"Alikuambia ukishaweka usilale hapo?"

"Aliniambia niweke nifunike. Nimeweka, nimefunika." Mama akakohoa. "Mwaka jana niliweka kwa ghala la nje. Wezi wakabeba gunia kwa gunia, na mbwa akilala. Sasa ningeweka wapi?"

Mzee alirudi nje, nami nikamfuata kwa sababu nilihitaji kusimama mahali ambapo ile mashine haisikiki. Aliketi akiwa amekunja mikono.

"Mimi nauza mkebe umefungwa," akaniambia. "Na karatasi ya maelezo ndani yake. Wanakuja wale wa sokoni, wananunua mkebe mmoja, wawili. Sijawahi kuuliza wanapeleka wapi. Ukishatoka mlangoni kwangu..." Akakwangua tope la kiatu kwa kidole, akasema, "Labda si kwangu. Maduka ni mengi." Niliona kwamba alitaka nimkubalie, na sikuweza, wala sikuweza kumkatalia.

Asubuhi yake mtoto alifungua macho na akayaacha wazi. Akatazama dari, nyaya, mimi.

"Paka wa kukhu amekula?" akauliza.

Nikamwambia apumzike. Nilitoka nje ya wadi nikalia huku nimeziba mdomo kwa leso, na nesi mmoja aliyekuwa akipita alinipigapiga mgongoni bila kuuliza kitu.

Daktari wa bodi na wenzake walikuwa wameenda nyumbani kwa mama na vifaa vyao, vinyago usoni. Walitoa vidonge vilivyobaki, wakaacha nyumba ikapigwa na upepo. Chini ya lile bati bovu walikuta magunia mawili yamelowa kabisa. Kuku waliokuwa wakilala jikoni walikuwa salama. Daktari alikuja wadini kutuambia hayo, sauti yake imekwisha kabisa kwa mafua.

"Hayo mawili yatupwe," akasema. "Mengine, yakipata hewa siku kadhaa na mkaondoa ule unga wa vidonge, yanaliwa."

Mama akajiinua kwenye mto. "Yanaliwa?"

"Yanaliwa, mama."

Mama akafunga macho, na kwa mara ya kwanza tangu jana uso wake ukalegea. Kisha akayafungua. "Wewe ndiye unataka kuondoa hii dawa?"

"Bado hatujaamua. Ndiyo tunachunguza."

"Usiondoe," mama akasema. "Nikikosa hii, fukusi watamaliza yote kabla ya Krismasi. Usiondoe. Nionyeshe tu pa kulala."

Daktari alitaka kusema kitu, akaishia kukohoa. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha mama, akatoa kalamu akaandika. Nimeyafikiria yale maneno mara nyingi. Nadhani ni hayo mama angeyasema kama kikundi kingemtuma yeye Kitale.

Walituruhusu kwenda nyumbani baada ya siku chache. Moyo wa mtoto ulikuwa umetulia, daktari wa wadi alisema, na haoni sababu ya kuogopa. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema tena kwamba haoni sababu ya kuogopa. Nilisikia kwamba hilo si sawa na kuwa na hakika, na bado nalisikia. Tulimrudisha kupimwa mara kadhaa, na kila mara jibu lilikuwa zuri. Anakimbia, anaruka kamba, anagombana na wenzake. Akikohoa mara mbili mimi huacha ninachokifanya.

Kikundi kiliniita nitoe ripoti. Mwenyekiti alikuwa mpole, lakini hakuficha kilichomkera.

"Tulikutuma useme moja," akasema, "ukaenda ukauliza ingine."

"Nilikuwa naulizia mtoto wangu."

"Tunajua. Na tunashukuru Mungu. Lakini wakiondoa vidonge, wataandika kwamba ni sisi tulisema."

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango akasema kwamba yeye pia huweka mahindi ndani. Mwingine akasema naye. Mmoja akakumbuka mtoto wa dada yake aliyelazwa msimu wa mavuno, wakasema ni malaria, na akapona, wenyewe wasijue kwa nini. Chumba kikaanza kujaa hadithi kama hizo, kila mmoja akimtazama mwenzake, hesabu zikienda nyuma mwaka hadi mwaka. Kisha yule wa karibu na mlango akauliza, "Nje kuna wezi, ndani kuna hewa. Tuweke wapi?" Mwenyekiti akanitazama mimi. Nikaliandika swali lake kwenye kitabu cha mikutano, maana mimi ndiye katibu.

Uamuzi ulipita redioni miezi mingi baadaye, nikiwa napalilia. Vidonge havikuondolewa. Vitauzwa kwa mkebe uliofungwa tu, kwa watu waliofunzwa na kupewa kibali, na ni wao watakaoweka, si mwenye nyumba. Kikundi chetu kilimpeleka mtu mmoja afunzwe, na sasa anazunguka msimu wa mavuno na kinyago chake, watoto wakimkimbia. Mzee wa kilemba aliacha kuviuza kabisa. Nilipopita dukani kwake Bungoma kununua mbegu alinionyesha rafu ile, sasa imejaa mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa, ile ya kufungia mahindi ili fukusi wafe kwa kukosa pumzi. "Hii haina neno," akaniambia, na akaniongezea mmoja wa kumpelekea mama. Mama anaitumia, anailaumu. Panya wanaitoboa. Ukuta kati ya vyumba viwili ndugu yangu ameumalizia mpaka juu, akaziba kwa saruji. Nikienda kwa mama husimama mlangoni kwanza navuta pumzi polepole kupitia puani, naye hunicheka, ananiuliza kama nyumba yake inanuka.

Msimu uliopita, nikitoka kwake, nilishuka katika soko moja la barabarani kununua vitunguu. Mwanamke kijana aliyekuwa akiuza alinipimia, na nilipokuwa natafuta pesa nikasikia mteja mwingine akimuuliza kwa sauti ya chini kama ana dawa ya mahindi. Muuzaji akainama, akatoa furushi la gazeti kutoka chini ya meza, akamhesabia vidonge. Hapo chini, juu ya gunia lililokunjwa, mtoto wake alikuwa amelala, kichwa chake kikiwa pale pale furushi lilipokuwa.

Nilingoja mteja aende. Kisha nikamweleza, kwa maneno machache kadiri nilivyoweza, nikijua kwamba sauti yangu inapanda na kwamba watu wa meza za jirani wamegeuka. Nikamwambia kuhusu hewa, na unyevu, na kichwa kuuma, na paka. Alinisikiliza akiwa ameshika furushi mkononi. Hakubisha. Aliniuliza kama nimetumwa na serikali, nikasema hapana, mimi ni mzazi tu. Akamtazama mtoto wake, kisha akatazama kule yule mteja alikoelekea.

Halafu akainama tena, akamsogeza mtoto upande wa pili wa meza, na furushi akalirudisha mahali pake.